Ulumbi Katika Nchi ya Mahindi

Kwetu pwani ukitaja "chuo", mtu mzima hafikirii ghorofa wala cheti chenye muhuri. Chuo ni pale kwa Maalim, penye busati, ubao na msahafu, na mtoto aliyetiwa chuoni ni mtoto aliyeanza alifu na bee. Bara mambo ni mengine. Huko chuo ni mahali pa kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayejifunza umeme, upishi, ufundi wa magari au hesabu za biashara. Mimi nimepita katika vyuo vya namna zote mbili. Cha kwanza nilikaa utotoni, fimbo ya Maalim ikiwa karibu. Cha pili nimekaa utu uzimani, muhula mmoja, nikiwa mgeni wa somo huko Ziwa, kaskazini ya Eldoret.

Somo lenyewe lilikuwa ushawishi. Katika vyuo vya ufundi vya Kenya kila mwanafunzi, awe wa seremala awe wa kompyuta, husoma mawasiliano: kuandika barua, kuendesha mkutano, kuhojiwa kwa kazi. Ndani yake mna sehemu ya kusema mbele za watu ili wakubali jambo. Mwalimu wa chuo hicho aliiona sehemu hiyo imekauka kama mkate wa juzi, akaniita mimi, mtu wa magazeti na mashairi, nikaitie mchuzi. Nilikubali upesi. Mshairi ni nani kama si mtu anayeomba kuaminiwa kwa mizani na vina?

Jina la mahali lilinichekesha. Mtu wa bahari anakwenda Ziwa, akitaraji maji, kumbe anakutana na mahindi: mahindi kulia, mahindi kushoto, na katikati yake ng'ombe wa maziwa wanene kuliko wa kwetu mara mbili. Nchi ya Uasin Gishu ni tambarare, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na baridi ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa atie udhu huku akitetema. Mji wake ni Eldoret, ambao wenyeji wazee bado huuita Sisibo, kwa kuwa ulianzia kwenye shamba la walowezi lililopewa nambari 64. Wenye ndimi za Kikalenjin wakaigeuza "siksti fo" ikawa neno lao. Mwaka 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji. Ziwa imebaki kituo cha wakulima, na mazungumzo ya Ziwa ni bei ya gunia.

Nilikabidhiwa karatasi ya mafunzo. Ilisema msemaji ana njia tatu za kumwingia msikilizaji: sifa yake mwenyewe, hisia za anayemsikiliza, na hoja. Chini yake palikuwa na picha ya kijana aliyevaa tai akinyosha kidole. Hapakuwa na neno juu ya nani aliyeyasema hayo wala lini, kana kwamba yaliokotwa njiani.

Msomaji mpenzi, mambo hayo yana nasaba. Aliyeyapanga hivyo ni Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kitabu chake cha ulumbi kilitiwa katika Kiarabu, na wanavyuoni wakubwa wa Kiislamu wakakishughulikia: Al-Farabi aliyefariki mwaka 950, Ibn Sina aliyefariki 1037, na Ibn Rushd wa Andalusi aliyefariki 1198. Wao waliiita ilimu hiyo khataba, na kazi yake wakaiita iknai. Tega sikio hapo. Iknai ni ndugu wa damu wa neno letu "kukinai". Kwa Kiarabu kumshawishi mtu ni kumfanya atosheke, aridhike nafsini mwake, kama aliyekula akashiba. Neno letu "kushawishi" halina shibe hiyo. Kwa masikio ya pwani lina harufu ya kijana anayemwita binti wa watu uchochoroni.

Kando ya khataba Waarabu walikuza ilimu yao wenyewe, balagha, yenye matawi matatu: maani, bayani na badii. Mkubwa wa fani hiyo ni Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki yapata mwaka 1078, mwenye kitabu cha siri za balagha na kingine juu ya dalili za muujiza wa Kurani. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaokariri tashbihi na istiara kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili wanatumia majina yaliyotoka huko. Na msingi wa balagha, kama nilivyofundishwa, ni kwamba maneno yawe fasaha na yaafiki hali inavyotaka. Hali ya nani? Ya mambo na ya msikilizaji. Anayejua haambiwi kama asiyejua, na mwenye shaka haambiwi kama mwenye kukana.

Karatasi ya Ziwa nayo ilisema: mjue msikilizaji wako. Lakini ilisema hivyo kama mvuvi anavyomjua samaki.

Nilianza na kisa ambacho darasa zima lilikijua. Wanafunzi wengi wao ni Wakristo, lakini Musa na Haruni ni wetu sote. Musa anatumwa kwa Firauni, anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, anaomba nduguye mwenye ufasaha zaidi awe msaidizi. Anaamrishwa aseme na yule jabari kwa upole. Nikawauliza: Je, Firauni alikubali? Darasa likajibu kwa sauti moja, la. Basi Musa na Haruni walisema vibaya? Hapo pakawa kimya. Kijana mmoja wa umeme akasema, "Mwalimu, kama hawakufaulu, kwa karatasi hii wangepata sufuri." Nilimpenda tangu siku hiyo. Aristotle mwenyewe aliliona jambo hilo: kazi ya mlumbi ni kuziona njia za kuaminisha zilizopo katika kila jambo, kama vile tabibu hutibu ipasavyo hata mgonjwa asiyekuwa wa kupona. Ulumbi haupimwi kwa makofi peke yake.

Haya yalinipa raha, na huenda ningekaa muhula mzima katika raha hiyo kama si jirani yangu.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja Mkalenjin, mkulima, mtu wa maneno machache na maziwa mengi. Ni mmoja wa wanaokaa katika kokwet, yaani baraza la wazee wa mtaa, ambapo mambo ya mipaka na ugomvi huzungumzwa, kila mtu kwa zamu yake, mpaka watu waafikiane. Jioni moja aliniuliza nawafundisha nini vijana. Nikamweleza.

"Kusema vizuri," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Kusema mpaka watu wakubali."

Akatazama moto. "Mwalimu, sisi watu wa kusema vizuri tulikuwa nao. Mwaka wa 2007 tulikuwa nao wengi sana."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumjibu usiku ule. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na laki kadhaa wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilitiwa moto likiwa na watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza maafa hayo ilitaja, pamoja na mengine, vituo vya redio vya lugha za kienyeji na maneno ya uchochezi. Mwaka huo huo wa 2008 Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano, yenye kumshitaki mtu kwa maneno ya chuki. Mzee wangu aliyaona hayo kwa macho, akiwa mlangoni mwake. Anapomwona mtu wa Mombasa amekuja na kitabu kunoa ndimi za vijana wa Ziwa, ana haki ya kuuliza kisu hiki ni cha kukatia nini.

Juma lililofuata zamu ilikuwa ya istiara. Niliwaagiza kila mmoja aje na istiara moja aliyoisikia ikitenda kazi, si ya kitabuni. Wakaja na simba, wakaja na moyo wa jiwe, wakaja na handisheki ya wanasiasa, tukacheka. Kisha msichana mmoja wa upishi akaenda ubaoni akaandika neno moja bila ya kusema kitu: madoadoa.

Darasa lilinyamaza kimya ambacho sijakisikia hata msibani.

Neno ni la Kiswahili safi, lugha yangu mimi. Chui ana madoadoa, kanga wa porini ana madoadoa, na wazee wetu husema leso ya kanga ilipata jina kwa ndege huyo kwa sababu ya pambo lake. Mtoto wa pwani hulisikia neno hili katika uzuri. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya miaka ya 1990, madoadoa ni watu: ni majirani wa makabila mengine waliokuja kukaa. Mnamo Januari 2022 seneta mmoja alilitamka jukwaani hapo hapo Eldoret, akiwaomba watu wasiwe na madoadoa katika kura; alikamatwa akafikishwa mahakamani, naye alisema hakukusudia makabila. Aprili ya mwaka huo tume ya uwiano ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki.

Niliwaomba tulifumue neno lile kama mshona nguo anavyofumua mshono. Nikauliza: doa hukaa wapi? Katika nguo. Nguo ya namna gani huonekana ina doa? Nyeupe. Doa hufanywaje? Huoshwa, huondolewa. Basi tazameni, nikawaambia. Msemaji hakusema kwamba nchi ni ya watu wa namna moja. Hakusema kwamba wengine ni uchafu, wala hakusema waondolewe. Ametamka neno moja, na hayo matatu umeyakamilisha wewe mwenyewe kichwani mwako, ukadhani ni fikira yako. Hoja ukiisikia waweza kuijibu, maana ina kichwa na miguu. Istiara ya namna hii haina pa kushika, kwa kuwa imekwisha kuingia ndani kabla hujaulizwa kama unakubali.

Kijana wa umeme, yule yule, akainua mkono. "Mwalimu, hapa Ziwa ng'ombe mzuri ni Friesian au Ayrshire. Wote wana madoadoa. Ng'ombe asiye na doa baba hamnunui."

Darasa likalipuka kwa kicheko, na mimi nikacheka, nikaona amelipiga neno lile pigo ambalo Al-Jurjani mwenyewe angelisifu. Hakubishana na nguo nyeupe. Aliiondoa nguo, akaweka ng'ombe. Washairi wetu wa malumbano walifanya hivyo siku zote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika zama za vita na hila za miji ya pwani, akijibizana na washairi wa Lamu, alijua kwamba fumbo hujibiwa kwa fumbo.

Yule msichana hakucheka. Akangoja tumalize, kisha akasema polepole, "Lakini ng'ombe hakuambiwa ahame."

Akatueleza kwamba alikuwa na miaka mitatu, na mama yake alimbeba mgongoni mpaka uwanja wa maonyesho wa Eldoret, uliokuwa kambi ya waliofukuzwa. Haikumbuki nyumba yao. Anakumbuka hema. Baadhi ya waliomsikiliza baba zao walikuwa upande ule mwingine wa ua, na walilijua hilo, na yeye alijua kwamba walijua. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimaliza, akafuta neno ubaoni kwa kiganja, akarudi kukaa.

Nimefikiri sana juu ya dakika zile tano. Karatasi ingesema ametumia sifa ya msemaji, kwa kuwa yalimpata mwenyewe, ametumia hisia, na hoja yake ni moja tu, ya maneno manne. Sawa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo karatasi haikulipa jina. Aliwasemesha wale vijana kama watu wanaoweza kumjibu. Aliacha nafasi. Msemaji wa jukwaani mwenye madoadoa yake hakuacha nafasi yoyote, na nadhani tofauti yao yote imo humo: huyu anakutaka ukinai, yule anakutaka uwake. Jioni nilimweleza mzee wangu yaliyopita darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Walimjibu?" Nikamwambia wawili walimfuata nje, sijui walisema nini. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika jambo moyoni.

Sitaki msomaji adhani nimepata mizani isiyokosea. Ijumaa nilikuwa nikipanda matatu kwenda Eldoret kusali, na nikiwa nimekaa katika safu nilijiuliza: na khutba je? Khatibu akiwa juu ya mimbari sisi tumeamrishwa kunyamaza. Hata kumwambia mwenzio nyamaza hairuhusiwi. Hapo msikilizaji hana nafasi ya kujibu kabisa. Jawabu ninaloliona ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo amana ya khatibu ni nzito kuliko ya mtu wa jukwaani, na watu wetu waliijua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 akafariki 1947, alikuwa mwanachuoni wa kusikilizwa, na juu ya darasa zake akaanzisha magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wa pwani juu ya ilimu na umoja kwa hoja zilizoandikwa. Lililoandikwa mtu hulichukua nyumbani, akalisoma mara mbili, akalikataa akitaka. Siku hizi mambo yamegeuka: sauti ya nusu dakika inaruka kutoka simu hii hadi ile, haina mwenyewe wala haina wa kumuuliza. Matangazo ya kamari ndiyo usiseme. Kila mwanafunzi wangu aliyakariri kuliko masomo yake.

Mwisho wa muhula ulikuja mtihani. Kila mwanafunzi apewe dakika tano awashawishi wenziwe wakubali jambo alitakalo. Tulikaa watahini wawili, mimi na mwalimu wa chuo, na mbele yetu karatasi ya alama yenye visanduku vinne: sauti, macho na mwili, mpangilio, muda. Kila kimoja alama 5. Nilimuuliza mwenzangu kisanduku cha ukweli kiko wapi. Akasema karatasi zimechapwa hivyo.

Msichana wa upishi alizungumzia chakula cha shule za msingi, akazungumza vema, akapitisha muda kwa dakika moja, akakatwa alama. Wa mwisho alikuwa kijana wa ufundi wa magari, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa. Alikuja kutuuzia mbolea. Jamani, kijana alisema! Alisimama kama mkulima, akashika udongo wa kuwazia mkononi, akataja virutubisho kwa majina, akataja magunia ya mahindi kwa ekari, akatupia jicho kila pembe. Aliposema bei, mwanafunzi mmoja nyuma aliuliza kwa dhati inapatikana duka gani. Alimaliza muda ukiwa umetimia barabara. Visanduku vyote vinne vilijaa: 20 juu ya 20.

Hapo ndipo nilipomuuliza mbolea yenyewe inaitwaje, na maneno yale kayapata wapi.

Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2024 ilidhihirika nchini kuwa baadhi ya magunia waliyouziwa wakulima kwa jina la mbolea hayakufikia kiwango cha mbolea, na wengine walikuwa wamekwisha kupanda.

"Niliyatoa kwenye gunia, Mwalimu," akasema. "Yameandikwa yote, nimeyakariri tu. Baba alinunua matano, na mahindi yalitoka manjano, urefu wa goti. Gunia lenyewe bado tunalo. Mama ameliweka mlangoni, tunapangusia miguu."